Seva Iliyojaa Watu Wasiokuwepo

Ilikuwa saa tatu tu asubuhi, lakini Dada Waya alikuwa amechoka kama aliyepakua lori zima la saruji. Chai ilishatanda utando. Huyu ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali kuu: mkuu wa idara, msaidizi wa idara, na idara yenyewe. Chini ya meza yake ilikaa seva ya kupokea picha za eksirei kutoka vituo vinane vya afya vya mbali. Kituo kinapiga picha, kinaituma kwenye seva, daktari wa picha anaisoma ghorofani na kujibu. Siku zote mambo huwa hivyo. Leo sivyo.

Simu ikalia. Alikuwa Sista wa kituo cha mlimani, kwa mara ya nne.

"Dada Waya, hilo sanduku lako limenikataa tena."

"Limekukataaje?"

"Kama mchumba aliyepata mwingine! Linafikiri kidogo, halafu linaniandikia kwa wekundu: muunganisho umekataliwa."

"Sista, nipe dakika kumi."

"Ulinipa kumi tangu saa mbili. Sikiliza, mwenzangu. Yule fundi wa paa aliyeanguka jana bado nimemlaza chali, shingo nimeibana kwa mifuko ya mchanga. Ambulensi iko mlangoni na haina hata ubao wa kumlaza. Saa tano inaondoka, kuna mama mjamzito anaisubiri kwingine. Nimpakie, nisimpakie? Shingo ikiwa nzima, twende. Ikiwa na ufa, ile barabara ya mashimo itammaliza."

"Ipige picha hiyo eksirei kwa simu, umtumie daktari."

"Nilishamtumia. Anasema ufa wa shingo ni mwembamba kama unywele, kwenye simu haoni kitu. Anataka faili lenyewe." Sauti ikashuka. "Na mgonjwa anasema pua inamwasha."

Basi Dada Waya akapiga magoti chini ya meza, magoti yakalia kwa pamoja. Taa za seva zinawaka. Kebo imekaa sawasawa. Akarudi kitini, akakagua ukuta wa usalama, maana huo ukinuna hauingizi mtu. Ulikuwa umetulia tuli. Neno la siri la Sista lilikuwa sahihi. Akafanya lile ambalo kila fundi hulifanya akiishiwa akili: akaizima seva, akaiwasha. Ikaamka vizuri. Kabla hajashusha pumzi, Sista akawa hewani.

"Imekataa."

Dada Waya akajaribu kuingia mwenyewe kama mtumaji wa picha, kutoka meza ileile, yeye aliyeisimika hiyo seva kwa mikono yake. Ikamkataa na yeye. Weee! Alitaka kulia, ila hata kulia kunataka nguvu.

Ndipo akafungua kumbukumbu za seva, ile orodha ndefu ya nani kabisha na nani kaingia, akaanza kusoma mstari kwa mstari huku macho yakimchoma. Nafasi za kuingia: ishirini. Zilizojaa: ishirini. Picha zinazotumwa sasa hivi: hakuna.

Hakuna? Ishirini wameingia na hakuna anayetuma?

Kituo cha mtoni peke yake kilishika nafasi sita. Akampigia karani wao, mzee waliyemzoea kwa jina la Babu Faili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Sijalala vizuri ndiyo nikaamka. Babu, kwenye kompyuta hapo mmefungua madirisha mangapi ya kutuma picha?"

"Sita."

"Mnatuma picha sita?"

"Hatutumi hata moja! Hizo ni nafasi za akiba. Si wewe mwenyewe ulitufundisha? Ulisimama pale mbele ukasema, ukishaingia, usitoke."

Dada Waya akafumba macho. Alikumbuka. Siku ya mafunzo mtandao ulikuwa unatambaa, kila aliyetoka alisahau neno la siri na kumpigia simu, naye kwa uchovu akasema hivyo ili wamwache apumue. Kumbe waliitii kauli ile miezi yote, wakaiongezea na bidii zao. Ilikuwa kama bomba la mtaa: ndoo zimepanga foleni, wenyewe wako nyumbani wamejilalia. Usiku umeme ulikatika mlimani, Sista akapoteza nafasi yake, wengine wakaidaka. Na hata akiizima seva, kompyuta zao zilikuwa zinabisha hodi zenyewe na kujaza upya.

Saa nne na nusu. Akaandika amri mbili: kila kituo nafasi mbili, basi, na anayekaa dakika tano bila kutuma chochote, atolewe. Vituo vinane, nafasi kumi na sita. Akaizima seva, akaiwasha.

"Sista, jaribu."

"Imeingia. Inapanda. Nusu... Jamani, inakwenda polepole kama bibi harusi. Imefika!"

Saa tano kasoro dakika saba daktari akapiga simu mlimani, akamuunganisha na Dada Waya asikie. "Kuna ufa, mfupa wa pili wa shingo. Asinyanyuliwe. Natuma timu yenye vifaa."

Kwa mbali, ndani ya simu, injini ya ambulensi ikaunguruma, ikaondoka tupu.

"Ningempakia," Sista akasema taratibu. "Dada Waya, nilikuwa nimeshamvalisha viatu."

"Mvue. Na hiyo pua mkune wewe."

Hata hajaishika chai, simu nyingine. Babu Faili.

"Mwanangu, tumetupwa nje! Tumekosa nini?"

"Hamjakosa, Babu. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya. Mkimaliza kutuma, tokeni."

"Sawa. Na wale wengine umeshawaambia?"

Dada Waya akaitazama orodha ya namba za simu za vituo. Bado saba. Akanywa chai na utando wake, akabonyeza ya kwanza.