Lugha ya Jini wa Samiha

Binti yangu Samiha alirudi Kigombe kutoka chuo cha uuguzi akiwa na homa. Kesho yake, baada ya adhuhuri, akaanza kusema lugha ambayo haijawahi kusemwa nyumbani kwetu.

"Klavikula," alisema, macho kayakodoa darini. "Skapula. Humerasi."

Niliogopa, sioni haya kusema. Kiarabu cha majini nakijua, Kibuki cha majini wa Bukini nimekisikia kwa marehemu shangazi alipopandwa. Hiki kilikuwa kigeni kabisa, na sauti haikuwa ya mwanangu. Nikamwita fundi Idarusi, mganga wetu, maana kwetu jini hutambulikana kwa lugha yake, kisha huulizwa anataka nini, akapewa, akatulia.

Fundi alimfunika shuka, akafukiza ubani. "Weye nani?"

"Sternum."

"Karibu, Sternum. Wataka nini?"

"Kosta."

Fundi alinigeukia, jasho likimtiririka. Aliogopa kuliko mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mama Samiha, huyu simjui kabila. Tafuta mbuzi mweusi, upesi."

Mlangoni nikapishana na Semeni, anayesoma na Samiha, kaja kumjulia hali. Shikamoo yake sikuiitikia. Alisikiliza kidogo, akakimbilia kitandani na kuitupa shuka.

"Mama, hii ni mifupa! Mifupa ya mwili kwa Kilatini, tunaikariri kwa ajili ya mtihani. Homa imempanda kichwani. Iteni bajaji!"

Ndani ya bajaji nilimpakata kichwa, kinawaka moto. Aliendelea kutaja, sauti ikififia.

"Femuri."

"Ni paja," Semeni alisema. "Anashuka, mama. Alianzia juu."

"Patela. Tibia."

"Goti. Muundi."

"Na baada ya muundi?"

"Nyayo, na vidole."

"Kisha?"

Semeni alitazama barabara. "Kisha imekwisha."

Samiha akanyamaza.

Alasiri nzima nilimwomba Mungu ainyamazishe lugha ile, sasa nilikuwa tayari kumpa roho yangu airudishe. "Juu kabisa ni nini, Semeni? Niambie!"

"Fuvu. Kraniamu."

"Kraniamu!" nikampigia kelele sikioni. "Samiha, kraniamu!"

Dereva aligeuka kunitazama, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Sikumjali. Niliinamia midomo ya mwanangu, nikingoja mfupa unaofuata.