Petroli Tupu
...la, niliimimina, bila shaka niliimimina, oili kwanza, kisha petroli, kisha kufunga jerikeni na kulitikisa kama mtu anayesukasuka maziwa, ndivyo ninavyofanya siku zote, mkono unajua wenyewe, kichwa hakiulizwi, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu sasa kichwa kinauliza na mkono haujibu, na Syahuka yuko pale kwenye mstari wa mbio na wenzake, karibu na turubai, mguu mmoja chini, helmeti nyeupe, mume wangu mwenye mvi kidevuni anangoja bendera kama kijana, na pikipiki inalia chini yake kwa ile sauti nyembamba ya kukereza ambayo nimeizoea mpaka naisikia nikiwa kwenye cherehani, na huku ubavuni kwangu, kwenye kamba, wifi yangu Vasta ananieleza habari za harusi ya Kyarumba, kwamba upande wa bibi harusi wameomba hema la pili na mlima ule hema litapandishwaje kama si kichwani, naitikia ee, ee, sijui naitikia nini, kwa sababu ninajaribu kuiona chupa, chupa ya oili ilikuwa mkono wangu wa kulia, kifuniko nilikuwa nimekishika kwa meno, hilo nalikumbuka, ladha ya plastiki naikumbuka, halafu... halafu Fidèle akaniita Mama Gorret, nikageuka, na baada ya hapo naona tu jerikeni likiwa limejaa na mimi nikilikabidhi. Jerikeni lenyewe liko ndani ya pikapu, ng'ambo ya uwanja, na chupa iko huko huko, tena ilikuwa imeshatumika nusu, hata ningeifikia ingenieleza nini, na kuzunguka mpaka kule kwa miguu, juu ya mawe haya yote ambayo mto ulimwaga hapa mwaka wa mafuriko, bendera ingekuwa imeshashuka zamani. Nitulie. Hao wengine pikipiki zao ni za siku hizi, zina oili yao ndani ya tumbo, petroli inaingia peke yake na hakuna anayekosa usingizi, lakini yetu ni ya zamani, ya stroki mbili, haina oili nyingine duniani isipokuwa ile unayoichanganya kwenye petroli kwa mkono wako, ukisahau, pistoni inasugua chuma kikavu, inachemka, inavimba, inakamata, na ikikamata katika mwendo gurudumu la nyuma linasimama palepale lakini aliye juu yake hasimami... Syahuka ndiye aliyenifundisha hayo, kwa upole, akinionyesha kwa kidole, na nilifurahi kufundishwa, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa amerudi kuongea. Miaka ile kabla ya pikipiki alikuwa anatoka mpakani Mpondwe jioni, siku nzima kwenye malori na watu wa forodha, anakaa, anakula, anasema asante, basi, mtoto wetu Gorret akimuuliza kitu anajibu kwa kichwa, mimi nashona, yeye anatazama mlango, na nilidhani ni mwanamke mwingine, nilitamani hata awe mwanamke mwingine, angalau ningejua pa kwenda kugombana. Halafu siku moja pikipiki ikavuka daraja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Wakongo, wapagazi wawili wanaisukuma na Fidèle nyuma yao na kofia yake, Fidèle anayetuletea vitenge kutoka Butembo, na juu ya chukudu kitu kimefungwa kamba kama maiti ya mbuzi, kutu tupu, kiti kimeliwa na panya, ndani ya bomba la moshi kiota cha kuku na ganda la yai, tairi zimekauka, na Syahuka anatembea pembeni ameweka mkono juu yake, anacheka, mume wangu anacheka barabarani Bwera watu wakitazama. Nilisema siku hiyo, mbele ya Vasta huyu huyu, nilisema kwa sauti, hiyo pikipiki nitaisimamisha mimi mwenyewe, hata kama ni kwa kuitia mchanga... Vasta hakucheka. Vasta hasahau kitu. Sasa hivi anasema bibi harusi ni mrefu kuliko bwana harusi na watu wa Kinyamaseke wameanza kusema, na kesho, kama Syahuka ataanguka, kinywa hiki hiki kitasema petroli ilichanganywa na nani, na nani aliapa mbele yangu, na kweli niliapa na kweli nilichanganya... au sikuchanganya. Nikumbuke taratibu, nisikimbie. Sikuitia mchanga, nilikuja kuipenda, au nilikuja kumpenda yeye akiwa juu ya turubai la uani na spana mkononi, akiongea, anaongea na mimi, lete kitambaa Mama Gorret, shika hapa, ona hii, silinda ililowekwa kwenye dizeli wiki nyingi kabla ya pistoni kukubali kutoka, ilitoka kwa nyundo na kipande cha mbao, na ilipotoka nikaona ubavu wake mmoja umeyeyuka, umepakazika kama nta iliyomwagika na kuganda, na michirizi mirefu kwenye ukuta wa silinda kama kucha za paka, nikauliza hii ni nini, akasema kutu, kutu hufanya hivyo, akaifunga pistoni ndani ya gazeti haraka akaitupa chooni. Chooni. Hakuna chuma anachotupa mtu huyu, hata misumari iliyopinda anaiweka kwenye kopo, na pistoni akaitupa chooni... Sikuwaza. Silinda ikaenda Kampala kuchongwa upya, pistoni mpya ikaja imefungwa kama saa ya mkono, mimi nikashona kiti, ngozi nyeusi, mshono mara mbili, nikasafisha kabureta kwa waya nyembamba kwa sababu vidole vyake haviingii, tundu lile la petroli ni dogo kuliko la sindano yangu, nikalielekeza juani mpaka nikaona nukta ya mwanga, akanikumbatia na mikono yake ya grisi, na siku alipopiga kiki ikakohoa, akapiga tena, akapiga mpaka jasho, ikawaka, moshi wa buluu ukajaa uani, ukaingia nyumbani, ukakaa kwenye mapazia, majirani wakaja, na kuanzia siku hiyo kila Jumapili baada ya misa kazi ya kuchanganya ikawa yangu, ananipa chupa ya oili mkononi na kusema, wewe ndiye ninayekuamini. Nilijivuna. Wewe ndiye ninayekuamini, na mimi ninakunja gauni la kanisani na kupima oili kama dawa ya mtoto... Moshi. Asubuhi, alipozunguka kujaribu uwanja, ulikuwa unatoka, nilimwona anapita na mkia wa buluu nyuma yake, yeye peke yake, wengine hawana, na watu walimcheka, wakasema huyo mzee anakuja na jiko lake, lakini asubuhi ilikuwa ni ile petroli ya nyumbani iliyobaki ndani ya tangi, niliyoichanganya jana nikiwa na utulivu, hiyo imeshaisha, hii ya sasa ni ya hapa, iliyotiwa baada ya Fidèle. Na sasa moshi uko wapi... vumbi ni jingi, jua liko nyuma yao, milima haionekani kwa mawingu, siwezi kusema, bomba la moshi liko upande ule, labda injini imepata moto na moshi umepungua, alishaniambia ikipata moto hupungua, labda ni hivyo, natazama, hewa nyuma ya gurudumu lake inatetemeka lakini haina rangi... haina rangi. Vasta ananivuta kiwiko, anasema hunisikilizi, wewe Bulandina, una malaria? Nasema jua. Fidèle alisema nini hasa, alikuja nikiwa nimeinama nyuma ya pikapu, akavua kofia, akasalimia kama anavyosalimia siku zote, hakuwa na haraka, alifikiri ninajua, hiyo ndiyo sababu alisema vile alivyosema, mtu haongei hivyo na asiyejua, alisema, "Mama Gorret, unachanganya muzuri? Ile piki haipendi esansi tupu bila oili. Ule mwenyewe wa kwanza ilimukamatia mu mbio, ikamutupa. Mupaka leo yeye iko kule Butembo, wanamulisha na kijiko." Nikauliza nani. Akanitazama, akavaa kofia yake, akasema yule kijana alikuwa muimbishaji wa kwaya na baba yake ndiye aliyeomba piki iuzwe mbali, ng'ambo, isionekane tena, na kwamba mubwana, mume wangu, alielezwa yote, alielezwa kabla ya kununua, halafu akaona uso wangu akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilibaki nimesimama na chupa. Nilisimama muda gani... Kisha Syahuka akaita, leta, leta, tunaitwa kwenye mstari, nikamimina petroli, petroli nilimimina, naisikia ikiingia, nikalitikisa jerikeni kwa sababu nimezoea kulitikisa, yeye akalipokea bila kutazama ndani, kwa nini atazame, mimi ndiye anayeniamini. Na baadaye Vasta akanipa chapati. Hapo. Chapati niliila bila kunawa, maji hayapo hapa, niliikunja kwa mkono wa kulia, nikaila, nayo ilikuwa na ladha ya chapati, unga na chumvi, wakati oili ile nikiigusa Jumapili inakaa kwenye vidole mpaka Jumatatu, tamu-tamu, nzito, nanawa kwa sabuni na majivu na bado kitambaa cha wateja kinaipata, kila chupa inanichuruzikia dole gumba, kila mara, haijawahi kukosa... nainua mkono usoni, nanusa, Vasta ananitazama ninavyonusa mkono wangu kama mwendawazimu, jasho, chuma cha jerikeni, unga. Kidole gumba kikavu. Basi sikuimimina. Na mzee wa bendera ameinua mkono wake, na pikipiki zote zinapandisha sauti pamoja, na mimi niko chini ya kamba, sikuamua kupita chini ya kamba, niko chini yake, gauni limenasa, linachanika, Onen yule afande mstaafu anayelinda huku ananikamata bega, "Wewe mama, rudi nyuma!" nami namwachia kitambaa cha begani, nakimbia juu ya mawe na viatu vya kanisani, nyuma yangu Vasta anapaza jina langu, sasa wameona wote, sasa ni kweli nimeisimamisha kama nilivyoapa, na Syahuka ananiona, ananitikisia kichwa, hapana, hapana, ndani ya miwani ya vumbi macho yake yamekuwa makubwa, anaondoa mkono kwenye klachi kunisukuma na pikipiki inaruka mbele kidogo na kunigonga paja, hakuna anayeweza kusikia neno hapa, kwa hiyo sisemi neno, naingiza mkono chini ya tangi, naikamata waya ya plagi na kuing'oa, umeme unanipiga mpaka kiwikoni, na ile sauti nyembamba inakatika. Za wengine zinaendelea kulia. Nafungua kifuniko cha tangi, natumbukiza vidole viwili, navitoa, naviinua mbele ya miwani yake, na petroli inapaa juani, inakauka tukiitazama wote wawili, ngozi inabaki nyeupe, haing'ai, haina hata utando, kavu kama chokaa, naye anavitazama vidole, anavua miwani taratibu, na ninangoja anitukane, ninangoja aulize umefanya nini, umesahau vipi, ningelia, ningepiga magoti hapa mbele ya Kasese yote, lakini anainama sikioni kwangu na sauti yake haina hasira hata kidogo, ni sauti ya mtu aliyekutwa.

"Nani alikuambia?"

...nani alikuambia, si umefanya nini, bali nani, basi alijua, aliijua pistoni ilipotoka, aliijua kabla haijatoka, alitembea pembeni yake barabarani Bwera akicheka na alijua, na kila Jumapili aliponiwekea chupa mkononi aliniwekea na yule kijana wa kwaya, nimbebe bila kujua nimebeba mtu, ili siku ikikamata tena awe ameniamini mimi, kosa liwe langu... au hakuwaza hivyo, labda hakuwaza kabisa, labda alitaka tu kuongea na kucheka kama zamani na akaona ukweli utamrudisha kwenye kiti chake cha kutazama mlango, sijui, naye sidhani anajua, na mzee wa bendera bado ameinua mkono, anamtazama Onen, anangoja mwanamke aondolewe, na Syahuka ameshavaa miwani tena, ameirudisha waya kwenye kichwa cha plagi kwa dole gumba, ananielekezea kidole ng'ambo ya uwanja, kwenye pikapu, niende, nilete chupa ya oili, muda bado upo, anakunja vidole kama anayemimina, upole ule ule, wewe ndiye... na bendera iko juu, na mkono wangu mmoja uko kwenye usukani, na sijainua mguu.