Mkwe Mlangoni

"Simama, Bibi! Usikate tamaa sasa!"

Napanangka alikuwa amejikunja sakafuni kati ya vyuma viwili vya kushikilia, kajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani. Muda mfupi tu uliopita alikuwa akitembea. Tangu apigwe na kiharusi, leo ndiyo mara ya kwanza mguu wa kushoto kumtii, na Shanelle, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kliniki, alikuwa akishangilia utadhani yuko mpirani. Ndipo akaingia mwanamume mnene, kajishika kiuno, mgonjwa aliyefika kabla ya zamu yake.

"Karibu, Japaljarri! Kaa hapo umshangilie mwenzio!" Shanelle alimwambia, kisha akamshika bibi kwapani amvute juu.

"Mwache!" Nakamarra, binti wa bibi, aliruka kitini. "Huyo ni mume wangu! Wewe vipi?"

Mwanamume alishatoka mbio, mgongo mbovu na yote.

Mungu wangu! Kwa mila ya hapa, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja. Hata watoto wa chekechea hapa wanajua. Na Shanelle alijua! Aliambiwa alipoanza kazi, akaitikia kwa majivuno, maana yeye si mzungu wa kuelekezwa. Bibi mzaa mama yake alitoka jangwa hili hili kabla ya serikali ya wazungu kumchukua kwa wazazi wake utotoni, na Shanelle alilitangaza hilo kila alipojitambulisha. Napanangka, Japaljarri: majina yenyewe, ya makundi ya ukoo yanayopanga nani amwoe nani, yalikuwa yakimwambia nani mkwe wa nani.

"Dada, nisamehe," alisema.

"Asiposimama wanampeleka nyumba ya wazee mjini, akafie huko mbali na ardhi ya wazee wake. Samahani yako itamsimamisha?" Nakamarra alimweka mama yake kwenye kiti cha magurudumu. "Hatuji tena. Umetuaibisha."

Uso umeumbwa na haya. Jioni ile Shanelle alilala njaa kuliko kwenda dukani kukutana na watu.

Kesho yake alikwenda kwa akina Nakamarra kwa miguu, akaketi mchangani nje ya uzio, akangoja. Jua lilimchoma hadi Nakamarra alipochoka kumtazama.

"Ingia basi, mtaalamu. Utaungua utusingizie sisi."

Uani, karibu na tangi la maji, kulikuwa na mabomba mawili yaliyolazwa sambamba juu ya nguzo na kufungwa kwa waya, kama vile vyuma vya kliniki, udongo wa nguzo bado mbichi. Yangemfika bibi nyongani hasa.

"Nani kayaweka?"

"Kuna mtu alichimba alfajiri," Nakamarra alisema. "Na mgongo ule. Mpumbavu wangu."

Napanangka alikunywa chai yake taratibu. "Wewe msichana una kelele," alisema hatimaye. "Nishike. Usiongee."

Shanelle alimshika, akamwinua. Bibi alipokwisha kuyakamata mabomba, nyayo zilisikika barabarani. Mwanamume mnene alikuwa akija, koleo begani, mkono kiunoni.

Safari hii Shanelle hakungoja kuambiwa. Alinyakua blanketi kwenye kamba, akalitandaza kati ya bibi na barabara, akaliinua juu hadi likamfunika na yeye macho. Uso ulimwaka moto. Kama amesamehewa, hakuthubutu kuuliza.

Nyayo zikapita, zikafifia. Hakulishusha. Upande wa pili wa blanketi, mguu wa bibi uliburutwa mchangani, ukatua. Kisha mwingine.