Kisogo Kwenye Picha ya Posa

Jelagat hakuipenda ile picha tangu ilipotumwa kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Wenzake waliicheka mpaka ikazunguka Kitale nzima. Mpwa wake Jepchumba anatabasamu, mchumba wake Makokha wa Bungoma amependeza kwa suti, na nyuma ya Makokha, kwenye tisheti ya ndugu yake Walubengo, Kisogo anachungulia, masikio makubwa, kiganja mdomoni.

Nani asiyemjua Kisogo? Katuni ya gazeti la vichekesho, siku hizi yuko kwenye kuta za vinyozi, kwenye bodaboda, hata kwenye keki za watoto. Lakini Jelagat alikuwa msomaji wa siku nyingi na aliijua kazi yake. Kisogo hasemi neno. Kila toleo husimama tu nyuma ya mtu mwenye jambo la kuficha.

Mamake Jepchumba alimwambia aache ushirikina wa magazeti, harusi ni Jumamosi. Lakini roho ya Jelagat haikutulia. Akaikuza picha. Siku ile ya posa kulikuwa na manyunyu na baridi kali, wanaume wote wamevaa makoti. La Walubengo liko mkononi. Mtu gani mwenye akili zake huvua koti Kitale mwezi wa Julai?

Akashika njia hadi Bungoma, kisingizio vitambaa vya meza. Walubengo alikuwa kwenye cherehani yake kando ya soko. Alipomwona, mguu ukaganda juu ya pedali.

Jelagat akamuuliza habari ya koti. Akajibu eti alisikia joto. Akamuuliza mbona akasimama pale pale nyuma ya Makokha, na uwanja wote ule ulikuwa wazi. Walubengo akachezea uzi.

"Huyo ni ndugu yangu, mama. Baba alituambia tunyamaze, na mimi nimenyamaza. Si nilisimama tu?"

Jelagat alikuwa ametamani mno awe amekosea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe Makokha ana mke. Yuko wapi?"

"Malakisi. Anaitwa Nelima. Na watoto wao wawili."

Akatoa simu ampigie Jepchumba, akakuta picha bado imefunguka. Sasa ndipo alipoona. Wote wanaangalia kamera. Walubengo peke yake anamwangalia bibi harusi, kama mtu anayeomba aulizwe.