Puli Kubwa ya Kaz Wojtala

Asubuhi ya gwaride la Siku ya Wafanyakazi, Kaz Wojtala alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: gari lisimzimikie barabarani. Mwaka jana lilizima mbele ya kanisa, bendi nzima ikiwa nyuma yake, na watu wa mji wao wa Hamtramck wakalisukuma huku soseji zimewajaa mdomoni. Kwa aibu, Kaz akamwapia mkewe, Lorna, palepale: likizima tena, linauzwa. Lorna hakujibu kitu, naye Kaz akahesabu kimya kile kuwa ndiyo. Na gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake, jekundu, la mwaka 1969, lenye injini ya silinda nane inayotikisa madirisha ya majirani.

Tangu siku ile alikuwa amebadilisha betri mara mbili. Mtu akishaamua mchawi wake ni nani, hatafuti mwingine.

Mwaka huu aliyechaguliwa kuongoza gwaride ni mama yake, Bernadine, bibi wa miaka themanini na sita. Alifika na fimbo yake na kofia ya chama cha wafanyakazi, lakini hakuingia garini.

"Fungua boneti."

"Mama, tunachelewa."

"Fungua, nimesema. Siketi kwenye gari nisilolijua tumbo lake."

Aliinama, akachungulia, kisha akalielekezea fimbo gurudumu la mkanda kwenye alteneta, kifaa kinachochaji betri. "Sufuria hii kaiweka nani?"

"Ni puli, Mama. Kanipa shemeji Vern kabla ya gwaride la mwaka jana. Puli ikiwa kubwa, alteneta inazunguka polepole, injini inapunguziwa mzigo, gari linapata nguvu. Kwenye mashindano..."

"Mashindano! Leo unashindana na nani, wapiga tarumbeta?" Bernadine alisonya. "Miaka thelathini na moja nimefunga alteneta kiwandani, na mwanangu mwenyewe haniulizi! Ukikimbia, sawa, umeme unatosha. Ukienda mwendo wa mazishi, inazunguka kivivu, haichaji. Feni inakula, taa zinakula, betri inatoa mpaka inakata roho. Huyo Vern kakupa nguvu za kitoto, kakunyang'anya umeme."

Kaz alitamani ardhi ipasuke. Puli ndogo ya zamani ilikuwa bado kwenye kopo la kahawa la baba yake, gereji, imefungwa kwa kitambaa. Nati ilikaidi, vidole vikachubuka. Alipoifunga, mkanda ulilegea, ikabidi aivute alteneta nje kidogo na kuikaza upya, mama yake akiubonyeza mkanda kwa kidole gumba mpaka aliporidhika.

Lorna alikataa kupanda. Alitembea kando ya barabara, begani kapachika mfuko uliomwinamisha upande mmoja. Kaz aliamini anaijua sababu: Lorna alikuwa anangoja gari lizime, liuzwe. Ilimuuma.

Mbele ya kanisa, palepale pa mwaka jana, gari lililopambwa maua, lililowafungulia njia, lilipasuka gurudumu. Gwaride zima likasimama. Jua kali, feni ya kupoza injini ikaanza kuvuma. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Kaz aliukodolea macho mshale wa kipimo cha umeme kwenye dashibodi. Ulishuka kidogo, roho yake ikashuka nao. Kisha ukapanda, ukatulia.

"Punga mkono, wewe!" Bernadine alimfokea. "Watu watadhani umefunga choo."

Kaz akapunga. Akapumua kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Ndipo Lorna alipokatiza barabara, akafungua mlango, akautupa mfuko kiti cha nyuma na kujipenyeza humo. Mfuko ukafunguka. Ndani mlikuwa na nyaya nene, nyekundu na nyeusi, za kuazimia umeme kwenye betri ya gari jingine.

"Za nini hizo?" Kaz aliuliza.

"Ulidhani ningekaa niangalie linazima, liuzwe? Mzee wako alinifundisha kuendesha humuhumu."

"Lakini kile kiapo..."

"Ulikula peke yako. Mimi nilikuwa nasukuma gari."

Kaz alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mbele, gurudumu lilikuwa limeshabadilishwa, na mama yake alikuwa anagonga dashibodi kwa fimbo ili waondoke.