Alama ya Hafod Las

Mara ya kwanza Lowri, mchongaji mgeni, alipowaletea wanakijiji mchoro wa njia ya matembezi kando ya mto, mwisho wa njia aliweka samaki wa chuma mrefu kuliko trekta. Wote walimsifu. "Mzuri kweli!" wakasema, wakanywa chai, wakaenda zao. Siku ya kazi hakutokea hata mmoja. Hivyo ndivyo watu wa bonde hili la Wales wanavyokataa jambo, na mgeni hujifunza kwa kuumia.

Lakini Lowri hakununa. Aliukunja mchoro wake, akazunguka shamba kwa shamba akiuliza zamani mto huu walikuwa wakiutumia kwa kazi gani. Eluned, mjane wa shamba la Hafod Las, alimpenda papo hapo. Ni wasanii wangapi wangekubali kuanza upya bila kinyongo?

"Tulikuwa tunaoshea kondoo," Eluned alimweleza. "Majirani wote tunajipanga majini, kondoo anapitishwa mkono kwa mkono, kutoka shamba la juu mpaka la chini."

Basi ikaamuliwa: mawe yasimame kando ya njia kwa mpangilio uleule, jiwe moja kwa kila shamba, na kila jiwe lichongwe alama ambayo shamba lake hukata kwenye masikio ya kondoo wake. Ukumbi wa kanisa ukafurika. Wazo lilikuwa lao sasa, wakabishana kama wako mnadani.

Eluned peke yake alijificha nyuma ya birika la chai. Aliuza kondoo wake wote baada ya kumzika mumewe, na shamba lisilo na kondoo halina alama. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Moyo ulimuuma kuona nyumba aliyoolewa inafutika mbele ya macho yake, lakini kuomba hakuzoea.

Lowri akaanza kuita mashamba, kuanzia la juu, na kila mtu akataja alama yake. Ikafika zamu ya Hafod Las.

"Ruka tu, mwanangu," Eluned alisema. "Nenda kwa Gethin."

Gethin ni jirani yake wa shamba linalofuata kwa chini. Walikuwa hawasalimiani tangu kondoo dume wa Gethin alipovunja ua wa Eluned. Gethin akakunja mikono kifuani.

"Mimi sisemi."

"Una nini tena, Gethin?" mtu akamtania. "Umesahau alama yako?"

"Niko majini hapa, nimelowa mpaka kiunoni," Gethin akajibu, bila kumtazama mtu. "Mtu wa Hafod Las hayupo. Kondoo nitapewa na nani?"

Watu walicheka, kisha wote wakageuka kumwangalia Eluned. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Sikio la kulia, ncha imekatwa," alisema. Akatoka nyuma ya birika. "La kushoto, pengo moja kwa chini."

Gethin akakunjua mikono, akainyoosha mbele.

"Haya, jirani. Lete huyo kondoo."