Kitabu Kinachojua Jibini

Papa Muhindo aliweka vitabu viwili juu ya meza ya duka lake pale Mweso, akamwambia Kétsia achague kimoja. Kile kingine kingerudi Butembo mchana uleule, kwa lori lililokuwa likipakuliwa nje.

"Nilisema nitapatia chumba chenu cha kusomea zawadi," alisema. "Lakini mimi ni mutu wa chumvi na misumari. Sayansi, wewe njo unajua."

Kétsia alikuwa na diploma, lakini hakujua. Kila Alhamisi chumba kilijaa wakulima na wakimbizi wenye maswali: redio inakamataje sauti, kwa nini simu inapata moto, mvua ya mawe inatoka wapi. Yeye alisoma Kifaransa kwa macho, akakitoa Kiswahili kwa mdomo, na wao wakaamini. Angechukua kitabu cha uongo, uongo huo ungeingia katika nyumba zao kwa sauti yake.

Kikubwa kilikuwa na picha za kung'aa, roketi na mashine za kila rangi. Kidogo kilikuwa na michoro ya kalamu tu. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kikubwa wakati Mama Hélène alipoingia na ndoo ya jibini za kupeleka kwenye lori.

"Mbona unashika hicho kama unataka kukiiba?" aliuliza.

Kétsia akamweleza shida yake. Mama Hélène akatua ndoo. Kwa miaka thelathini alitengeneza jibini kule milimani, lakini shule hakuingia hata siku moja.

"Kiulize kitu ambacho mikono yangu inajua," alisema, akionyesha jibini. "Fromaji. Mengine sitajua kama kinadanganya."

Kétsia alifungua kitabu kikubwa, akatafuta jibini kwenye orodha ya nyuma, akasoma kwa Kiswahili: maziwa huchemshwa mpaka yafure, kisha hutiwa dawa ya kugandisha.

Mama Hélène akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu hajawahi kukaa karibu na ng'ombe. Maziwa ukiyachemusha hivyo, hayashikani vizuri. Utayakunywa tu."

"Lakini picha iko muzuri," alisema Papa Muhindo.

"Basi kula picha, Papa."

Kétsia alifungua kile kidogo. Maziwa yapashwe moto, alisoma, kiasi ambacho mkono wako unavumilia. Kisha tia maji ambamo kipande cha tumbo la ndama kimelowekwa. Ndani ya tumbo hilo mna kitu kinachofanya chembe za maziwa zishikane, maana ndama naye hugandisha maziwa yake tumboni ili ayameng'enye polepole.

Mama Hélène hakucheka tena. "Mama yangu alinifundisha tumbo la ndama," alisema. "Nikamuuliza kwa nini, akaniambia fanya tu. Kumbe iko na sababu."

Kétsia alisukuma kitabu kikubwa kuelekea kwa Papa Muhindo. Akataka kumshukuru, lakini shukrani ya kwanza ilimwendea Mama Hélène. "Aksanti, Mama. Karibu nibebe uongo."

Mama Hélène alifuta vidole kwa kitenge, akavisogeza taratibu juu ya ukurasa.

"Ni wapi wamemuandika mama yangu?"

Kétsia akamshika kidole, akakiweka kwenye mstari wa tumbo la ndama. "Hapa."